Kodi ya Chumba na Njia ya Kwenda Mjini

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wale watakaomaliza masomo yao mwaka huu na kwenda Kampala, ama kutafuta kazi, ama kuendelea na chuo huku wakiishi nje ya bweni. Hapa shuleni kitanda, sahani na kengele vimepangwa na watu wengine, na safari ndefu kuliko zote ni ile ya kutoka bwenini mpaka darasani. Lakini utakuja mwezi ambao fedha ya kodi itakuwa mkononi mwako wewe, na dalali atakuwa amesimama mlangoni akikuonyesha dari na sakafu. Dari na sakafu si neno. Neno ni mahali chumba kilipo, na ni saa ngapi zapita kati ya mlango wake na mlango wa kazi yako. Jambo hili lina hesabu ndani yake, tena lina jiografia. Na watu wengi huliamua kwa macho tu, siku moja ya Jumapili, kisha hulilipia kila siku mpaka mwaka uishe.

Na tuanze na hali ya mji wenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014, Kampala ilikuwa na watu 1,500,000 hivi, na Wilaya ya Wakiso, ambayo huuzunguka mji karibu pande zote, ilikuwa na watu wapatao 2,000,000. Mwaka 2024 watu walihesabiwa tena. Kampala haikufika 1,900,000, lakini Wakiso ilipita 3,400,000. Maana yake ni kwamba mji wakua, lakini wakulia nje ya mipaka yake. Nansana, Kira, Kyengera, Kasangati na Kajjansi, ambako zamani palikuwa na migomba na njia za miguu, leo ni mahali pa maduka na vyumba vya kupanga mpaka macho yachoke. Wengi wa wakaao huko hufanya kazi Kampala. Huondoka nyumbani kungali giza, na wote huingia mjini kwa barabara kuu kama sita tu: ya Jinja, ya Entebbe, ya Masaka, ya Hoima, ya Bombo na ya Gayaza.

Haikuwa hivi siku zote. Zamani za utawala wa Waingereza zilijengwa nyumba za wafanyakazi huko Nakawa na Naguru, upande wa mashariki, na mtu aliyekaa humo aliweza kwenda kazini kwa miguu. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka 2011. Siku hizi kijana aanzaye kazi hupanga kwa mtu binafsi, na mara nyingi chumba chake ni kimoja katika safu ya vyumba vilivyofuatana chini ya bati moja. Kwa Kiganda chumba cha namna hiyo huitwa muzigo. Msomaji wa Kiswahili asicheke upesi, maana kisipochaguliwa vizuri hugeuka mzigo kweli.

Sasa, kwa nini chumba cha mbali kina kodi ndogo? Wale wasomao jiografia katika vidato vya juu wamekwisha kukutana na jina la Johann Heinrich von Thünen. Alikuwa mwenye shamba huko kaskazini ya Ujerumani, na mwaka 1826 alitoa kitabu juu ya mji mmoja wa kufikirika uliosimama peke yake katikati ya uwanda tambarare. Akauliza: ni kitu gani kitalimwa karibu na mji huo, na ni kipi mbali? Maziwa na mboga, ambavyo huharibika upesi, vitakuwa karibu. Kuni nazo, kwa kuwa ni nzito, hazitakuwa mbali. Nafaka zitafuata. Ng'ombe watakuwa mwisho kabisa, kwa kuwa wao huweza kwenda sokoni kwa miguu yao wenyewe. Kwa hiyo ardhi ya karibu na soko hukodishwa kwa bei kubwa, si kwa sababu udongo wake ni bora, bali kwa sababu yamwokolea mkulima gharama ya kuchukua mzigo.

Mwaka 1964 mtaalamu mmoja wa Marekani, William Alonso, alilichukua wazo hilo akalitia ndani ya mji. Badala ya mkulima akaweka mfanyakazi, na badala ya gunia la nafaka akaweka mwili wa mfanyakazi huyo, ambao lazima ufikishwe kazini kila asubuhi na kurudishwa kila jioni. Alionyesha kuwa kodi hushuka kadiri mtu aendavyo mbali na katikati ya mji, na kwamba mshuko huo ndio malipo ya safari. Basi kodi ndogo ya mbali si zawadi ya mwenye nyumba. Ni fedha uliyopunguziwa mkono wa kulia ili uitoe kwa mkono wa kushoto.

Na tuitie jambo hili katika tarakimu. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, kwa maana nauli na kodi hazikai mahali pamoja. Lakini namna ya kuhesabu haibadiliki. Tuseme kijana amepata kazi katika duka karibu na Posta Kuu, siku sita kwa juma, yaani siku 26 kwa mwezi. Ameonyeshwa vyumba viwili. Kimoja kiko Kamwokya, kama kilomita 3 au 4 kutoka katikati ya mji, kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Cha pili kiko ng'ambo ya Gayaza, zaidi ya kilomita 16, kwa shilingi 120,000, nacho ni kikubwa zaidi, tena kina mwembe mbele ya mlango. Kijana akiangalia kodi peke yake, ataona kuwa Gayaza yampa faida ya shilingi 130,000 kila mwezi, na atakimbia kumlipa dalali kabla mwenzake hajakiwahi.

Ngoja kwanza. Kutoka Kamwokya nauli ya teksi tuseme ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi: mara 26 ni 52,000. Jumlisha na kodi, wapata 302,000. Kutoka kile chumba cha Gayaza, mtu apanda bodaboda mpaka barabara kuu kwa 1,000, kisha teksi mpaka mjini kwa 2,500. Hiyo ni 3,500 kwenda na 3,500 kurudi, yaani 7,000 kwa siku, na kwa mwezi ni 182,000. Jumlisha na kodi ya 120,000: wapata 302,000. Ni shilingi zile zile! Faida yote iliyoonekana mlangoni imekwisha kugawanywa kati ya kondakta na mwenye pikipiki.

Lakini hesabu haijaisha, kwa kuwa fedha ni nusu yake tu. Tuseme kutoka Kamwokya, mlango kwa mlango, ni dakika 40 asubuhi na dakika 40 jioni, yaani dakika 80 kwa siku. Kutoka Gayaza ni saa 1 na dakika 45 asubuhi, na saa 2 kamili jioni, yaani dakika 225. Tofauti ni dakika 145 kila siku. Zidisha kwa 26, kisha ugawanye kwa 60: ni saa 62 na dakika 50 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku za kazi za saa nane nane, utakuta karibu siku nane za kazi ambazo kijana huyu amezitumia akiwa amekaa kati ya begi la mtu na bega la mwingine, bila kulipwa na mtu yeyote.

Huenda mtu akasema, "Saa zangu si fedha, sina biashara ya kufanya jioni." Haya, na tuzihesabu kwa bei ya chini kabisa, shilingi 1,000 kwa saa. Hapo tofauti ile ni kama shilingi 63,000. Kwa hiyo, ili chumba cha Gayaza kiwe sawa na cha Kamwokya, kodi yake ingepaswa kushuka kutoka 120,000 mpaka 57,000 hivi. Na yeye anayesema hana kazi ya jioni, je, hakukusudia kusoma? Wengi wetu tutaondoka hapa na nia ya kufanya kazi mchana na kusoma masomo ya jioni: hesabu za biashara, kompyuta, ualimu. Masomo hayo huanza kama saa kumi na mbili jioni na kumalizika saa mbili au saa tatu usiku. Mwenye chumba cha karibu huyahudhuria. Mwenye chumba cha mbali huyalipia muhula wa kwanza, huhudhuria juma la kwanza na la pili, kisha huanza kutazama saa yake mwalimu angali akifundisha, akiwaza teksi ya mwisho. Sijaona chumba chenye mwembe mbele yake kilichofidia cheti.

Tena, kumbuka kwamba uwanda tambarare wa von Thünen hauko Kampala. Kampala ni vilima, na kati ya kilima na kilima pana vinamasi na mito midogo. Mahali pawili huweza kuwa karibu kwa rula juu ya ramani, na bado mtu akalazimika kuzunguka kilima kizima ili kutoka hapa kwenda pale. Kwa hiyo umbali haupimwi kwa kilomita, hupimwa kwa dakika. Na dakika hupotea mahali maalumu ambapo kila msafiri wa Kampala apajua. Kwenye barabara ya Gayaza ni Kalerwe, penye soko. Kwenye barabara ya Bombo ni Bwaise. Kwenye barabara ya Entebbe ni Kibuye. Kwenye barabara ya Jinja ni pale Kireka na Bweyogerere. Mtu aliyepanga kabla ya kufika mahali pa namna hiyo, kwa upande wa mjini, huokoa zaidi ya mtu aliyepunguza kilomita tano upande wa nje. Chumba kilicho hatua mia tano ndani ya Kalerwe na kingine hatua mia tano nje yake si vyumba vya bei moja kwa mfanyakazi, hata kama mwenye nyumba avitoza sawasawa.

Yapasa pia kujua namna teksi zenyewe zifanyavyo kazi. Teksi ya Kampala, lile gari jeupe lenye mistari ya miraba ya buluu, huchukua abiria 14, na kwa kawaida haiondoki stendi mpaka ijae. Akaaye karibu na mwanzo wa njia hupata kiti, ila hungoja gari lijae. Akaaye katikati ya njia hangoji kujaa, lakini asubuhi magari humpita yakiwa yamejaa tayari, kondakta akimpungia mkono tu. Na nauli yake mara nyingi haipungui sana kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mtu tangu mwanzo. Jioni mambo hugeuka: wote wamo katika stendi moja mjini, na mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo. Kwa hiyo usihesabu nauli ya saa nne asubuhi. Hesabu nauli ya saa moja jioni, mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha.

Na sehemu ndogo ya mwisho, kutoka barabara kuu mpaka mlangoni, ndiyo idanganyayo kuliko zote. Dalali husema, "Ni hapo tu." Hapo tu ni kilomita mbili za vumbi au za tope. Nauli ya bodaboda kwa kilomita hizo mbili mara nyingi hukaribia nusu ya nauli ya teksi kwa kilomita 15. Anayesema atatembea kwa miguu ili kuokoa fedha hiyo, na aitembee njia hiyo usiku kabla ya kulipa. Kwa msichana afikaye saa tatu usiku jambo hili si la starehe. Njia ina taa? Ina nyumba kando yake, au ni shamba la mihogo na ukuta mrefu? Kuna watu wanaouza chapati mpaka usiku? Muuza chapati ni mlinzi bora kuliko taa, kwa maana taa haiwezi kupiga kelele. Kama jibu la maswali haya si zuri, basi fedha ya bodaboda si ya hiari, nayo lazima iandikwe katika hesabu pamoja na kodi.

Iko namna nyingine ya kodi ndogo, nayo ni hatari zaidi kwa kuwa haielezwi na Alonso. Ni chumba kilicho karibu na mji na bado ni rahisi. Ukikiona, usifurahi mpaka umejua sababu. Sababu huwa ni maji mara nyingi. Bonde la Bwaise, na sehemu za chini kando ya mifereji ya Nakivubo na Lubigi, hufurika mvua kubwa ikinyesha, na maji huingia ndani mpaka kitandani. Uganda ya kusini ina majira mawili ya mvua, kuanzia Machi mpaka Mei na kuanzia Septemba mpaka Novemba. Dalali mwerevu hukuonyesha chumba Julai. Basi tazama ukuta. Kama rangi imepakwa upya chini tu, kiasi cha magoti, ukuta huo wakusimulia jambo. Kama mlango una kizingiti cha saruji kilichoinuliwa, hakikujengwa kwa uzuri. Kisha mwendee jirani afuaye nguo nje, umsalimu kwanza kama ilivyo desturi, umwite nyabo kwa heshima, na umwulize bila haraka: "Nyabo, mvua ya Aprili ilifika wapi?" Hatakuficha. Yeye hana kodi ya kupokea kwako.

Muulize pia kuhusu maji ya bomba, kama yatoka kila siku au mara moja kwa juma, na mtungi mmoja wauzwa kwa bei gani siku yasipotoka. Muulize kama umeme una mita ya chumba kimoja kimoja au mita moja ya safu nzima. Katika mita ya wote, anayepasi nguo kila usiku hulipiwa na asiye na pasi. Vitu hivi ni vidogo, lakini hukaa juu ya kodi mwezi baada ya mwezi, na ndiyo maana mwenye hesabu nzuri haandiki "kodi" katika daftari lake, bali huandika "gharama ya kukaa."

Jambo moja la kujaribu njia. Vyumba huonyeshwa Jumapili, kwa kuwa siku hiyo watu wana nafasi. Barabara nayo ina nafasi siku hiyo! Usikubali kamwe kupima safari siku ya Jumapili, wala wakati wa likizo za shule, maana shule zikifungwa magari ya asubuhi hupungua. Nenda ukalale kwa rafiki au ndugu aliye upande huo Jumapili usiku, kisha uamke Jumatatu pamoja na watu wa pale, utoke saa kumi na mbili asubuhi wakati wanapotoka wao, na uandike saa ya kuondoka mlangoni, saa ya kupata gari, na saa ya kufika kazini. Jioni urudi vivyo hivyo. Nauli ya siku hiyo moja ni fedha ndogo sana ukiilinganisha na kodi ya miezi mitatu utakayoombwa kutanguliza.

Wengine watauliza juu ya barabara mpya na gari la moshi. Kweli, mambo haya hubadilisha thamani ya mahali. Barabara ya kuzunguka mji upande wa kaskazini, kutoka Bweyogerere mpaka Busega, kilomita 21, ilifunguliwa mwaka 2009, na walio karibu na makutano yake walipata njia ya kwenda upande wa pili bila kupita katikati ya mji. Gari la moshi la abiria kati ya Kampala na Namanve lilianzishwa tena mwaka 2015, nalo halikwami Kireka. Lakini huduma hiyo imesimama zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Kwa hiyo panga mahali ambapo ungeweza kukaa hata kama gari la moshi lisingekuwapo, na likija ulihesabu kuwa nyongeza. Kupanga kwa kutegemea barabara ambayo yasemwa tu kuwa itajengwa, hilo tusilijadili.

Msomaji asidhani kuwa nashauri kila mtu ajibane karibu na mji. Hesabu ile ile huweza kumpeleka mtu mbali kwa haki kabisa. Mchukue kijana wetu, lakini sasa aende mjini siku 13 tu kwa mwezi, kwa sababu kazi nyingine aifanyia nyumbani. Kamwokya: kodi 250,000 na nauli 26,000, jumla 276,000. Gayaza: kodi 120,000 na nauli 91,000, jumla 211,000. Sasa Gayaza yaokoa 65,000 kwa mwezi, na saa zinazopotea ni kama 31 tu, yaani kila saa anayokaa barabarani yamlipa zaidi kidogo ya shilingi 2,000. Huenda akaikubali bei hiyo. Vilevile mwenye mke na watoto hawezi kuhesabu kama kijana mmoja. Kwake chumba cha pili, uwanja wa watoto, shule ya karibu na kipande cha kupanda mboga vyaingia katika mizani, na anayesafiri ni mmoja kati ya watu watano. Na yule ambaye kazi yake iko katika viwanda vya Namanve asipime kutoka Posta Kuu hata kidogo. Katikati ya mji wake ni Namanve. Akikaa Seeta au Mukono, asubuhi huenda upande ule ule waendao watu wa mjini, lakini hushuka kabla ya msongamano wa Kireka. Na akikaa upande wa mjini, hutoka wakati wengine wanaingia, akawatazama kupitia dirishani. Wengi hupanga Kampala kwa mazoea tu, kumbe kazi yao haiko Kampala.

Ukiisha kuchagua, bado kuna neno la mkataba. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ni ya mwaka 2022. Yakataza kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Hata hivyo sheria humsaidia zaidi yule aliye na karatasi. Omba mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na kila ulipapo chukua stakabadhi. Nenda pia kwa mwenyekiti wa LC1 ujitambulishe. Ni yeye ajuaye kama kiwanja kile kina ugomvi wa kibanja, na kama nyumba imejengwa juu ya ardhi ya barabara. Ukimkuta mzee mwenye nyumba akikasirika kwa kuwa umetaja mwenyekiti, umepata habari bila kulipa. Wala usifunge mapatano ya mwaka mzima mwanzoni. Miezi mitatu yatosha kuijua njia, jua lake na mvua yake.

Zoezi. Msichana mmoja amepata kazi ya uuguzi Mulago, siku 22 kwa mwezi. Ana vyumba viwili vya kuchagua. Cha kwanza kiko Kawempe kwa shilingi 150,000, maji na umeme vimo ndani ya kodi. Nauli ya teksi ni 1,500 kila safari, na kila safari huchukua dakika 50 mlango kwa mlango. Lakini siku 8 kati ya hizo 22 hutoka kazini usiku, na siku hizo hurudi kwa bodaboda ya mtu anayemwamini kwa 6,000 badala ya kupanda teksi. Safari hiyo nayo huchukua dakika 20. Chumba cha pili kiko Mulago penyewe kwa shilingi 230,000. Umeme hulipia 15,000 na maji 10,000 kwa mwezi, na huenda kazini kwa miguu kwa dakika 15, usiku na mchana. Tafuta gharama ya kukaa katika kila chumba, na tofauti ya saa kwa mwezi mzima. Kisha utafute tena kama zamu za usiku zingekuwa 4 tu badala ya 8. Mwisho, andika maswali matatu ambayo msichana huyu ampasa kuwauliza majirani wa Mulago, na mawili ya kuwauliza wa Kawempe, kabla hajalipa. Majibu yaandikwe pamoja na njia ya hesabu.